Alama Moja Haifanyi Lugha Moja

Kosa likisemwa na mjinga hufa siku ile ile. Likisemwa na mwenye elimu huishi karne nyingi. Na likipambwa kwa sifa huwa kama halifi kabisa. Miongoni mwa makosa ya namna hiyo ni dai kwamba maandishi ya Kichina hayaandiki maneno bali huandika mawazo yenyewe. Kwa mujibu wa dai hilo, kila alama ni picha ya kitu au ya fikira. Na Mchina, Mjapani, Mkorea na Mvietnamu, ingawa hawasikilizani kwa ndimi, huitazama alama moja wakapata maana moja. Francis Bacon wa Uingereza aliliandika jambo hili mwaka 1605 kana kwamba ni habari iliyokwisha kuthibitika. Mwaka 1919 mshairi Ezra Pound alichapisha makala ya Ernest Fenollosa, Mmarekani aliyefariki mwaka 1908, iliyowafundisha washairi wa nchi za Magharibi kwamba alama za Kichina ni picha za matendo ya maumbile. Tangu hapo dai limepita kutoka kitabu hadi kitabu, kila mwandishi akilipokea kwa mwenzake bila kulipima, kama watu wapokezanao sarafu ya bandia gizani.

Lingekuwa dai la watu wa mbali tu, lingeweza kuachwa lizeeke huko huko. Lakini Kichina sasa hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako Taasisi ya Confucius ilifunguliwa mwaka 2005, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako nyingine ilifunguliwa mwaka 2013. Vijana wa Afrika ya Mashariki wanaingia katika elimu hii kwa wingi, na kitu cha kwanza wanachokutana nacho katika vitabu vingi vya wanaoanza ni hadithi ya picha. Mwanafunzi aanzaye safari kwa ramani ya uongo hapotei peke yake. Akirudi kuwa mwalimu hupoteza na wengine. Kwa hiyo inafaa dai hili lipimwe kwa mizani ya kweli, wala haihitajiki kupima alama elfu. Alama moja yatosha, maana kanuni isemayo "kila alama" huvunjwa na alama moja.

Itwaliwe alama hii: 走. Imechaguliwa kwa sababu haina udhuru wa umbo. Serikali ya Uchina ilipoanza kurahisisha alama nyingi mwaka 1956, hii haikuguswa; na Japani ilipotengeneza orodha zake baada ya vita vya 1939 hadi 1945, haikuguswa vile vile. Huandikwa namna moja Beijing, Taipei na Tokyo. Ikiwa iko alama yoyote iwezayo kuthibitisha kwamba umbo moja huleta maana moja, basi ni hii.

Asili yake yajulikana vizuri. Katika maandishi ya kale yaliyochongwa juu ya mifupa na magamba ya kobe, ambayo wataalamu walianza kuyatambua mwaka 1899, huonekana mtu anayerusha mikono yake huku na huku. Katika maandishi ya vyombo vya shaba ya zama za Zhou aliongezewa mguu chini. Mtu huyo wa juu amebadilika kwa kuandikwa na kuandikwa, hata leo afanana na alama ya udongo, na asiyejua historia hawezi kumwona tena. Xu Shen, aliyetunga kamusi ya alama 9,353 na kuimaliza mwaka 100, aliieleza alama hii kwa neno lenye maana ya kwenda mbio. Hivyo basi, wenye dai la picha wana haki ya kufurahi mahali hapa: alama ilianza kweli kama picha, na picha yenyewe ilikuwa ya mtu akimbiaye. Wafurahi upesi, kwa kuwa furaha yao haidumu.

Katika Kichina cha kale neno lililoandikwa kwa alama hii lilikuwa na maana ya kukimbia, tena kukimbia kwa sura zake zote mbili: kwenda mbio, na kutoroka hatari. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwani lugha yake nayo hukusanya maana hizo mbili katika neno moja, na kutokana na shina moja hupata mkimbiaji na mkimbizi. Mwanafalsafa Mengzi, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alimtolea mfalme Hui wa Liang mfano wa askari waliotupa deraya zao wakakimbia vita. Wengine walisimama baada ya hatua 100, wengine baada ya hatua 50, na wale wa hatua 50 wakawacheka wale wa 100. Mswahili angesema nyani haoni kundule, na mambo yangeishia hapo. Tendo la askari wale katika mfano huo limeandikwa kwa alama hii hii. Kama wangalikuwa wanatembea tu, mfano wote ungekosa maana, maana hakuna aibu katika kutembea.

Lakini atafutwe leo mtu wa Beijing asiyesoma maandishi ya kale, aulizwe alama hii yasemaje. Atajibu kwamba yasema kutembea, au kwenda, au kuondoka. Mtu akiaga hutumia neno hilo. Na mzee akifariki, jamaa zake huweza kusema kwa upole kwamba amekwenda zake, na neno ni hilo hilo. Kazi ya kukimbia imepewa neno lingine, liandikwalo kwa alama nyingine. Mambo yalikwendaje? Yalikwenda kama yaendavyo katika lugha zote: mtu anayekimbia huwa anaondoka, na neno la kuondoka kwa haraka likazoeleka hata likawa neno la kuondoka tu, kisha la kwenda kwa miguu. Lililotembea ni neno katika vinywa vya watu. Alama ilifuata nyuma kama kivuli kimfuatavyo mtu.

Tena si Wachina wote waliokwenda njia hiyo. Katika Kichina cha Guangzhou na Hong Kong kutembea huitwa kwa neno lingine kabisa, na alama hii imebaki na maana ya kukimbia, kutoroka na kuondoka. Katika Kichina cha Fujian ya kusini na cha Taiwan imebaki na maana ya kale, yaani kukimbia. Kwa hiyo hata kabla ya kuvuka mpaka wa Uchina, alama moja imekwisha kuwa na maana mbili zinazopingana kwa mwendo. Wako wapi hao watu wa nchi nyingi waipatao fikira moja kwa kuitazama, ikiwa watu wa nchi moja hawaipati?

Ivuke bahari sasa kwenda Japani. Huko alama hii huandika neno la Kijapani hashiru, kukimbia, na pia sehemu ya maneno yaliyotoka Uchina, ambayo ndani yake husomwa sō. Katika shule za Japani huonekana onyo la kuwakataza watoto kukimbia ukumbini. Mchina wa Beijing akiliona onyo hilo, naye hajui Kijapani, ataona alama yake ya kutembea, na akitegemea macho tu atashangaa ni shule gani hii iwakatazayo watoto hata kutembea. Ajabu hiyo ndogo yatosha kuangusha kitabu kizima cha nadharia. Na itazamwe namna Wajapani waandikavyo hashiru: baada ya alama ya Kichina huongeza herufi zao wenyewe ili kuonyesha mwisho wa kitenzi, kama ni wakati uliopo, uliopita, au amri ya kukataza. Waliunda herufi hizo kwa sababu alama za Kichina peke yake hazikuweza kubeba lugha yao. Kama alama zingekuwa mawazo matupu, Mjapani angehitaji herufi za sauti kwa kazi gani?

Lakini liko jambo la Japani lipendezalo kuliko hilo. Alama hii ikitanguliwa na nyingine yenye maana ya farasi kwenda mbio, hupatikana neno chisō, ambalo kwa Kichina cha kale lilikuwa ni kwenda shoti na kupiga mbio. Kwa Mjapani wa leo neno hilo, likitanguliwa na kiambishi cha heshima, gochisō, ni chakula kizuri cha kumkirimu mgeni; na mtu akimaliza kula hulitaja kwa kumshukuru aliyemkaribisha. Mbio zimekuwaje karamu? Ni kwa sababu mwenye nyumba hukimbia huku na huko kwa ajili ya mgeni wake. Kisha neno la taabu ya ukarimu likawa neno la chakula chenyewe. Mswahili hawezi kulistaajabia sana jambo hilo, maana neno lake la karamu latoka katika Kiarabu, ambamo karam ni ukarimu, nalo kwenye pwani ya Afrika likageuka kuwa sherehe ya kula na kunywa. Lugha mbili zisizojuana zimepita njia moja, na hakuna hata moja iliyoongozwa na picha. Mwenye kutazama picha angemwona mtu na farasi. Mwenye kujua Kijapani asikia harufu ya wali.

Picha haikosi tu kuonyesha njia. Wakati mwingine humpoteza mtu kusudi. Mwezi wa mwisho wa mwaka una jina la kale la Kijapani, shiwasu, ambalo huandikwa kwa alama ya mwalimu au kasisi ikifuatwa na hii ya kukimbia. Basi watu wakatunga hadithi: ati katika mwezi huo kasisi ana kazi nyingi hata hukimbia. Hadithi ni tamu, lakini alama zilivikwa juu ya neno lililokuwako tayari, kama kanzu ivikwayo mtu mzima. Mwenye kulitafuta neno ndani ya alama zake ni kama mtu atakaye kujua ukoo wa mwenzake kwa kukagua mishono ya kanzu.

Korea na Vietnamu zatoa ushahidi wa upande wa pili. Wakorea huisoma alama hii ju, na Wavietnamu huisoma tẩu. Wachina wa kusini na wa kaskazini, Wajapani, Wakorea na Wavietnamu wana zau, zǒu, sō, ju na tẩu. Sauti hizi ni ndugu wa tumbo moja. Majirani wa Uchina hawakuazima picha wakaitia sauti za kwao tu. Waliazima neno zima, sauti na maana kwa pamoja, kama Waswahili walivyoazima maneno ya Kiarabu, Kihindi na Kireno. Mkorea akisema gyeongju, mashindano ya mbio, au doju, kutoroka, anasema maneno yaliyotoka Uchina. Lakini huyaandika kwa herufi za Kikorea, zilizoundwa katika zama za mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa mwaka 1446. Mfalme huyo alieleza wazi sababu yake: lugha ya nchi yake si ya Uchina, nazo alama za Uchina haziifai, hata watu wa kawaida hushindwa kusema nia yao kwa maandishi. Huyu alikuwa mfalme aliyesoma alama hizo tangu utotoni, na ushahidi wake wapita ule wa Bacon, ambaye hakuzisoma kamwe.

Wavietnamu nao huandika leo kwa herufi za Kirumi zilizoongezwa vituo na alama za toni. Neno tẩu thoát, kutoroka, na neno bôn tẩu, kuhangaika huku na huko, yangali hai katika vinywa vyao na magazeti yao, ingawa wengi wa wayasemao hawawezi kuzitambua alama zake. Kama maana ingekaa ndani ya alama, maneno hayo yangezikwa pamoja nayo. Hayakuzikwa. Na zamani, Wavietnamu walipotaka kuandika neno lao wenyewe la kukimbia, chạy, hawakuridhika na alama ya Uchina. Waliunda mpya, wakatia 走 upande mmoja kudokeza maana, na upande wa pili wakatia alama nyingine kuonyesha sauti. Walijua kwamba kazi ya maandishi ni kuliandika neno la msemaji.

Ufundi huo wa kuunganisha maana na sauti haukuanza Vietnamu. Ndio msingi wa sehemu kubwa kabisa ya alama za Kichina chenyewe. Itazamwe alama 越, yenye maana ya kuvuka, ambayo pia imo katika jina la Vietnamu liandikwapo kwa Kichina. Upande mmoja mna alama yetu ya kukimbia. Upande wa pili mna shoka la vita. Shoka hilo halikati kitu. Limewekwa pale kwa sababu jina la shoka hilo na neno la kuvuka yalikuwa na sauti moja, na Xu Shen alikwisha kulisema hilo yapata miaka 1,900 iliyopita. Lakini mpenda picha hana budi kutueleza kwamba Vietnamu ni nchi ya kusini ya watu wakimbiao na mashoka. Akikataa kusema hivyo, amekiri kwamba sehemu ya alama ni sauti. Na akikiri hilo, dai lake limekwisha.

Watetezi wa dai hilo hawakosi jibu, na jibu lao bora lastahili kusikilizwa. Husema: je, haikuwa kweli kwamba wasomi wa Mashariki walizungumza kwa brashi na karatasi bila kuelewana kwa kinywa? Ilikuwa kweli. Mwaka 1905 Phan Bội Châu, mpigania uhuru wa Vietnamu, alikutana na Liang Qichao wa Uchina mjini Yokohama, wakazungumza kwa kuandikiana. Lakini waliandikiana kwa lugha gani? Waliandikiana kwa Kichina cha kale cha vitabuni, lugha ambayo wote wawili waliisoma kwa miaka mingi, kwa sarufi yake, misamiati yake na adabu yake. Wasomi wa Vietnamu walifanyiwa mitihani kwa lugha hiyo mpaka mwaka 1919. Shehe wa Lamu aliyemwandikia mwanachuoni wa Hadhramaut alieleweka kwa sababu wote wawili walijua Kiarabu. Shehe huyo huyo akichukua herufi zile zile za Kiarabu akaandika utenzi wa Kiswahili, mwenziwe wa Hadhramaut asiyejua Kiswahili aliweza kutamka sehemu yake, asiambulie maana. Walichoshirikiana ni lugha. Karatasi ilikuwa chombo cha kuivusha. Kumtoa Phan Bội Châu kuwa shahidi wa maandishi yasiyo na lugha ni kumnyang'anya miaka yake ya kusoma.

Jibu lao la pili ni kwamba lugha hizi zina maneno mengi yenye sauti moja, hata pasipo alama watu wangepotea. Gyeongju ni mashindano ya mbio, na Gyeongju ni mji mkongwe wa ufalme wa Silla. Ni kweli, na hata hivyo Wakorea husoma vitabu na magazeti yao kila siku bila kuuchanganya mji na mbio, kama Mswahili asivyochanganya kaa la moto, kaa wa pwani, na amri ya kumwambia mgeni aketi. Maneno ya kando humwonyesha msomaji njia, kama yanavyomwonyesha msikilizaji. Alama za Kichina zina manufaa yake, nazo ni urithi mkubwa wa binadamu. Lakini manufaa si muujiza.

Lililobaki ni swali la kwa nini dai hili lapendwa hivi. Hoja zake zilijibiwa zamani: Peter S. Du Ponceau wa Philadelphia alizibomoa katika kitabu cha mwaka 1838, na John DeFrancis akazibomoa tena mwaka 1984. Lapendwa kwa sababu ni sifa, na sifa hii ni kilemba cha ukoka. Asemaye kwamba Mchina huandika mawazo bila maneno, amesema pia kwamba Mchina hufikiri kwa picha. Na asemaye hivyo, yuko karibu sana na kusema kwamba hafikiri kama watu wengine. Wenye kusoma historia ya Afrika wanaifahamu sauti hiyo. Ndiyo ile iliyowapa watu fulani mantiki, na wengine ikawapa ngoma na hisia, kisha ikadai kwamba imewaheshimu. Mgeni huyatazama mambo ya mwenzake kwa mbali, akaona rangi asione kazi. Waingereza walilitwaa neno safari kutoka Kiswahili, na kwao likawa simba, tembo na kofia pana. Ilhali Mswahili hufunga safari kwenda Tanga mazishini, au kwenda sokoni kuuza nazi. Neno ni moja, herufi ni zile zile sita. Nani atasema kwamba fikira ni moja?

Mwalimu wa Kichina basi hana haja ya kuwanyima wanafunzi wake picha ya yule mtu arushaye mikono. Na aichore ubaoni, maana ni ya kweli na yapendeza. Kisha asiwaache hapo. Awaambie jinsi mtu huyo alivyokimbia katika vita vya Mengzi, akapunguza mwendo Beijing, akaendelea na mbio Fujian, akawa chakula cha mgeni Japani, na Vietnamu akavua alama asife. Mwanafunzi aliyeyasikia hayo yote atafungua kamusi ya kila lugha kwa unyenyekevu, na akikutana na alama aijuayo katika lugha asiyoijua, atauliza kwanza ni neno gani, na ni la nani.